Kumbe mchawi wa laptopu yangu ni mimi mwenyewe!

Mpenzi msomaji, wiki hii sina stori ya mapenzi. Najua kuna wale wanaofungua ukurasa huu kutafuta nani kammwaga nani. Leo mtanisamehe. Leo nataka kuwasimulia jinsi laptopu ilivyonitoa jasho, ikaninyima hela ya kodi na ikakaribia kumtia mama yangu kwenye deni la kikoba.

Usigeuze ukurasa kwanza! Wewe mwenye laptopu inayokoroma kama mzee aliyeshiba ugali, stori hii ni yako.

Basi bwana, ilikuwa Jumatano usiku, Mei 2025. Mhariri alitaka makala yangu kabla ya saa nne. Sisi waandishi wa kujitegemea hatuna mshahara. Ukiandika unalipwa, usipoandika unameza mate. Saa tatu na nusu nilikuwa nimebakiza aya mbili tu, moyo umetulia, nimeshaipigia hesabu hela yenyewe. Nikabonyeza kuhifadhi kazi yangu.

Kimya.

Mshale ukageuka kiduara cha buluu, kikaanza kuzunguka. Ndani ya laptopu diski inakwaruza krr, krr, krr, kama panya kwenye dari. Nikabonyeza tena. Kioo kikapauka, kikaniambia programu haijibu. Nikasubiri dakika tano, kumi, kumi na tano. Uvumilivu ukanishinda, nikafanya lile kosa tunalolifanya wengi: nikabana kitufe cha kuwashia mpaka ikazima yenyewe. Ilichukua dakika kumi na moja kuwaka tena, nilizihesabu kwenye simu. Ilipowaka, makala yangu ilikuwa na aya tatu za mwanzo. Nyingine zote hewani.

Saa nne na robo ujumbe wa mhariri ukaingia: "Nafasi yako nimeijaza. Siku nyingine ukiona umeshindwa sema mapema." Mwenye nyumba naye alishasema Ijumaa anakuja. Usiku ule sikulala, nilikuwa nahesabu mabati tu.

Sasa nikueleze laptopu yenyewe ilivyopatikana, ndipo utajua kwa nini iliniuma. Niliinunua Agosti 2024, mtumba uliotoka kwenye ofisi za Ulaya huko, shilingi 420,000. Mimi nilikuwa na laki moja na ishirini. Laki tatu alitoa mama. Bi mkubwa wangu ni mama ntilie, anauza wali na maharage Buguruni, na zile hela alizipata siku kikoba chao kilipovunjwa. Zilikuwa za kubadilisha mabati ya nyumbani. Nikamwambia, "Mama, hii ndiyo shule yangu." Si unajua tena, mie niliishia kidato cha nne, na cheti chenyewe nilipata foo, hakitaki kutazamwa mchana. Mama akanipa. Mvua za masika zilipokuja akawa anatega ndoo sebuleni, wala hakunilalamikia hata siku moja.

Miezi miwili ya mwanzo mashine ilikuwa moto wa kuotea mbali. Baadaye ikaanza kunata kidogo kidogo. Kufikia Mei, ukibonyeza herufi, unaweza kwenda kuchota maji ukarudi ndipo uione.

Kesho yake nikaibeba mpaka duka moja Kariakoo. Fundi hata hakuiwasha. Aliishika kama mtu anavyochagua tikiti sokoni, akaigongagonga mgongoni, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hii RAM imekwisha. Weka mpya, laki na thelathini pamoja na ufundi. Au niachie hii, uongeze laki mbili na nusu, nikupe kitu kikali."

Nikatoka pale miguu mizito. Laki na thelathini naitoa wapi, na makala imeshanyweka? Nikapanda daladala moja kwa moja hadi Buguruni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona sura imekukunjamana, umekula?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza huku anafuta sahani. Akasema Jumamosi ndiyo siku yao ya kikoba, ataandikisha jina akope hiyo laki na thelathini. Halafu akaniuliza, "Huyo fundi alipoifungua aliona nini?"

"Hakuifungua, mama."

"Hata kuiwasha?"

"Hata kuiwasha."

"Sasa amejuaje? Baba, mimi hata sufuria likivuja nalijaza maji kwanza nione tundu liko wapi, ndiyo nampelekea fundi."

Mpenzi msomaji, mama yangu hajawahi kugusa kibodi maishani mwake. Lakini swali lile lilinikaa kichwani njia nzima ya kurudi Mabibo.

Jirani na geto langu kuna steshenari. Dada anayeiendesha ananizidi kama miaka kumi hivi, anachapa barua, anatoa kopi, anawajazia wanafunzi fomu za vyuo. Kompyuta yake ni ya zamani kuliko yangu, lakini inapiga kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku bila kelele. Nikajiuliza, huyu mwenzangu ana dawa gani?

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Leo umekuja na mgonjwa?"

"Mahututi kabisa, dada. Fundi anasema RAM imekwisha."

Akacheka. Akaiwasha, akasubiri, akaendelea kusubiri, akahudumia wateja watatu wa kopi. Ilipokaa sawa akaniambia nibonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Pakatokea kidirisha kinachoitwa Task Manager. Nimekaa na laptopu miezi tisa, hicho kidude sijawahi kukiona!

"Hili ni daftari la wadaiwa," akasema. "Humu utaona nani anakula nini. Bofya hapo juu palipoandikwa 'Memory', wanaokula sana watajipanga wa kwanza."

Nikabofya. Kumbukumbu ilikuwa asilimia 94. Diski asilimia 100. Na hapo sijafungua hata ukurasa mmoja wa kuandikia.

Nikamwambia ukweli wangu, kwamba mie sijui hata RAM ni nini, nasikia tu watu wanasema. Akanieleza kwa lugha ya kawaida, na mie nitakueleza kwa lugha ya mama yangu, maana ndivyo nilivyomwelewa.

Meza ya mama pale Buguruni inakaa watu wanane. Gunia za mchele na sufuria kubwa anaziweka kwenye stoo, ng'ambo ya barabara. RAM ndiyo meza. Kila programu unayoifungua lazima ikae mezani ndipo ihudumiwe. Diski ndiyo stoo: ni kubwa, inatunza kila kitu hata umeme ukikatika, lakini iko mbali. Laptopu yangu ilikuwa na RAM ya GB 4 na diski ya GB 500. Meza ndogo, stoo kubwa. Mie nilikuwa nafuta nyimbo na picha nikidhani napunguza mzigo wa RAM, kumbe nilikuwa nafagia stoo wakati watu wanagombania meza!

Halafu sikia hii. Meza kujaa saa saba mchana si tatizo, ndiyo biashara yenyewe. Windows nayo ina tabia ya kuchukua sehemu ya RAM iliyo tupu ikatunza humo vitu inavyodhani utavihitaji baadaye, na ukitaka nafasi inakuachia. Ni kama mama anavyopanga sahani kabla wateja hawajafika. Kwa hiyo RAM tupu siyo sifa. Ukiona asilimia 50 au 60 usianze kulia.

Kimbembe ni pale wanne kati ya wale wanane wamekwisha kula tangu saa sita, lakini wamekaa tu wanabishana Simba na Yanga, na wateja wapya wamesimama na njaa. Mama afanye nini? Anachukua sahani za waliokaa kimya anazipeleka ng'ambo, anamkalisha mpya. Yule wa kwanza akitaka kijiko chake, mama avuke barabara tena. Kutwa nzima anavuka barabara, kupika hapiki.

Kompyuta nayo hufanya hivyo hivyo. RAM ikijaa, Windows inahamishia vitu vingine kwenye faili moja iliyofichwa ndani ya diski, ukivihitaji inavirudisha. Zile kelele za krr, krr za usiku ule wa Jumatano zilikuwa za kuvuka barabara. Na barabara yenyewe ni ndefu. RAM inajibu kwa nanosekunde 100 hivi, diski ya kuzunguka kama yangu inachukua milisekunde kama 10. Tofauti yake ni kama mara laki moja. Yaani kama kuchukua chumvi mezani kunakuchukua sekunde moja, kuifuata stoo kutakuchukua zaidi ya siku nzima! Sasa programu itaachaje kuganda?

Ndiyo maana dada akaniambia dalili za ugonjwa ni mbili kwa pamoja: asilimia imekaa juu ya 90 haishuki, na diski haipumziki. Ukiona hivyo, jua watu wanavuka barabara.

"Haya sasa," akasema, "tuwaone hao waliokalia meza."

Mpenzi msomaji, niliona aibu. Wa kwanza alikuwa Chrome, zaidi ya GB 1.4 peke yake. Wa pili na wa tatu antivairasi mbili tofauti. Rafiki yangu mmoja aliwahi kuniambia ukiweka mbili unalindwa mara mbili, kumbe kila moja inapekua kila kitu na kuitilia shaka mwenzake. Anafuata WhatsApp. Anafuata kitu cha magemu ambacho nilicheza mara moja Krismasi. Halafu kuna programu ya printa, na mie printa sina, sijawahi kuwa nayo. Na pale chini akakaa mganga mwenyewe: programu ya "kuongeza kasi" niliyoipakua bure mwezi wa Februari.

Dada akaishangaa hiyo ya mwisho. "Hii ndiyo inayokumaliza. Ukiibonyeza inafanya nini?"

"Asilimia inashuka, dada, naona kabisa kwa macho."

"Inashuka kwa sababu imewafukuza wote mezani wakakimbilia ng'ambo. Sekunde chache wanarudi wote, wanahema. Wewe umeona namba, mashine imeona mateso."

Nikaingia sehemu inayoitwa "Startup", ambako mna orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe kila laptopu inapowaka. Zilikuwa kumi na moja! Hata moja sikumbuki kuikaribisha. Kila unapoweka programu mpya unabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo bila kusoma, nayo inajipa ufunguo wa nyumba. Tukazima nane. Hatukuzifuta, tumezizuia tu kujialika. Mganga wa kasi na antivairasi zote mbili za majaribio tukaziondoa kabisa, maana Windows 10 tayari ina mlinzi wake mwenyewe aliyekuja nayo.

Nilipopandwa na mori nikataka kufyeka kila jina nisilolijua. Dada akanishika mkono. "Taratibu. Usichokijua usikiue. Mengine humo ndiyo yanayoshikilia nyumba."

Akaniuliza mara ya mwisho kuizima kabisa ni lini. Nikasema naifunika tu kifuniko nalala, na siku nyingine naizima. Akaniambia hata hiyo kuzima haitoshi. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuna mpango wa kuwaka haraka: ukizima kwa "Shut down", moyo wa mfumo unahifadhiwa kwenye diski, ukiwasha unarudi ulivyokuwa. Ukitaka ianze upya kweli, bonyeza "Restart". Na kuna sababu ya kufanya hivyo. Zipo programu zinazokopa RAM na hazirudishi hata zikimaliza kazi, zinakopa tena na tena, kama yule mwanachama wa kikoba anayekopa kila Jumamosi na kwenye marejesho simu haipatikani. Ukiianzisha upya, madeni yote yanafutwa.

Tukabaki na Chrome. Hapo ndipo nilipotaka ardhi ipasuke.

Unajua kile kikaratasi cha juu kinachoongezeka kila ukifungua ukurasa mpya? Waingereza wanakiita tab, sisi tukitamka kwetu inakuwa tabu, na kweli ni tabu! Google walipotoa Chrome mwaka 2008, waliiunda kila tabu ijitegemee, ili moja ikifa nyingine zisife nayo. Ni jambo zuri, lakini kila anayejitegemea anataka chakula chake. Mie nilikuwa na tabu 37.

"Funga," akasema dada.

"Nyingine nazihitaji."

"Basi tuzisome moja moja."

Nne za YouTube. Tano za mpira. Moja, nilisema leo hakuna mapenzi lakini nimewadanganya kidogo, ilikuwa picha za harusi ya mtu niliyewahi kumpenda. Dada akaitazama, akanitazama, hakusema neno. Nikaifunga mwenyewe. Nane za matangazo ya kazi, saba kati ya hizo muda wake ulikwisha tangu Januari. Moja ya masomo ya Kiingereza ya bure, nimeishia somo la pili.

Halafu tukafika kwenye zile sita zilizofuatana. Zote zilikuwa za kurudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea: tarehe, ada, masomo, utaratibu.

"Hizi ulizifungua lini?"

"Februari mwanzoni, dada."

"Umeshajisajili?"

"Bado. Nilisema nitarudi."

Akasoma tarehe. Muda wa kujisajili ulikuwa umeshapita. Miezi mitatu nzima nilikuwa nikifungua laptopu naziona pale juu, moyo unatulia, najiambia lile jambo lipo, sijalisahau. Kumbe niliiachia mashine ikumbuke kwa niaba yangu, nami nikapumzika.

"Mdogo wangu," dada akasema kwa upole, "hii RAM haijakwisha. Imechoka kukubebea mambo usiyoyafanya."

Wallahi, fundi angenitukana isingeniuma vile.

Tukaziandika kurasa mbili za maana kwenye daftari, karatasi na kalamu, tukafunga tabu zote. Tukawasha na kitu cha Chrome chenyewe ambacho Google walianza kukileta Desemba 2022, kinaitwa Memory Saver, kiko kwenye mipangilio sehemu ya "Performance". Tabu usiyoigusa kwa muda inalazwa usingizi, RAM yake inaachiwa, ukiibofya inaamka. Halafu tukabonyeza "Restart".

Ikawaka kwa dakika tatu badala ya kumi na moja. Nikafungua ukurasa wa kuandikia na tabu tatu za Chrome. Asilimia 58. Diski kimya. Nikabonyeza herufi, herufi ikaja. Nilitaka kumkumbatia mtu.

Dada alinitoza kiasi gani? Shilingi elfu mbili, na hizo ni za kopi nilizotoa. Nikampigia mama simu palepale nikamwambia asiandikishe jina Jumamosi. Akauliza, "Tundu mmeliona?" Nikasema, "Tumeliona mama. Ni mimi."

Sasa nisije nikakudanganya, mpenzi msomaji, ukadhani RAM haiongezwi. GB 4 kwa siku hizi ni meza ndogo, hilo halina ubishi. Septemba 2025 niliongeza kipande kingine cha GB 4, cha mtumba, shilingi 40,000, kwa hela ya makala zangu mwenyewe. Lakini mara hii nilikwenda dukani najua ninachokitaka. Task Manager, sehemu ya "Performance" ukibofya "Memory", inakuonyesha nafasi za RAM ziko ngapi na zilizotumika ngapi. Yangu ilikuwa na mbili, moja tupu. Tena RAM hazifanani. Ya laptopu ya aina ya DDR3 ina meno 204, ya DDR4 ina meno 260, haziingiliani hata ukisukuma na nyundo. Ujue yako kwanza ndipo utoe hela.

Kuna mshikaji wangu mmoja aliongeza mpaka GB 8, akashangilia mtaa mzima. Mashine ikaendelea kusoma chini ya GB 4. Kumbe aliyemwekea Windows alimwekea ya biti 32, na hiyo ya kawaida ya nyumbani haivuki GB 4 hata uimwagie gunia. Alinunua meza mpya akaiweka nje ya mlango. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya "About", imeandikwa pale kama yako ni ya biti 32 au 64.

Na kama unafikiria kununua, zijue na habari za dunia. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda sana, kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu kwenye kompyuta kubwa za akili mnemba. Pia Microsoft walikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inataka angalau GB 4 pamoja na prosesa zilizomo kwenye orodha yao. Mtumba mwingi haumo. Muuzaji akikwambia "hii unapandisha tu ukifika nyumbani", mwambie aipandishe mbele yako. Nikijaliwa hela nyingine nitaitoa diski ya kuzunguka niweke SSD. Haiongezi meza, lakini inahamishia stoo karibu, hata ukivuka barabara hugongwi.

Jambo moja zaidi limenichekesha. Nimesoma kwamba kompyuta iliyowaongoza Wamarekani kutua mwezini mwaka 1969 kwenye Apollo 11 ilikuwa na kumbukumbu ya kazi ya kama kilobaiti 4. GB 4 zangu ni kama mara milioni moja ya hiyo. Wenzangu walifika mwezini wakarudi. Mie nilishindwa kufika saa nne usiku na aya mbili!

Tofauti ni kwamba wale walijua kila kilichokaa mezani kimekaa kwa kazi gani.

Siku hizi nina utaratibu wangu. Kila Jumapili naianzisha upya, napita kwenye daftari la wadaiwa, natazama nani kajialika. Tabu zangu hazizidi sita. Kitu nikitaka kukifanya nakiandika kwenye karatasi na tarehe pembeni, na tarehe ikifika nakifanya au nakikata. Nikiandika makala nahifadhi kila aya, sisubiri mwisho. Mhariri alinirudisha mwezi wa Julai baada ya kumwomba radhi mara tatu, na ndiyo maana unanisoma hapa.

Na lile jambo la Februari? Januari 2026, wiki ya kwanza, nilikwenda kwa dada wa steshenari nikiwa na ada mkononi, nikajisajili nikatoa na kopi. Mtihani ni Novemba. Mama nimemlipa laki moja kati ya zile tatu, amenunua mabati ya upande wa sebuleni. Upande wa jikoni bado unavuja, na ndoo bado ipo.

Basi wewe msomaji wangu, kabla hujakimbilia Kariakoo na hela ya mtu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc uone nani amekalia meza yako. Jaza maji sufuria, uone tundu. Huenda ukamkuta mchawi, na huenda akawa na sura yako.

Tukutane wiki ijayo Mungu akipenda. Stori ya mapenzi ipo, msinune!